Sauti ya Kitambo

Jina lake halisi alikuwa akiliona kwenye kitambulisho tu. Sisi wote tulimwita Kitambo, kwa sababu kila aliposimama mbele ya wageni neno la kwanza lilikuwa hilo: "Kitambo..." Halafu ananyamaza, anawatazama mmoja mmoja, mpaka yule anayetafuna bazoka anaacha. Kwa miaka kumi na tisa aliwateremsha watalii kwenye njia ya maporomoko, ngazi mia mbili na arobaini za mawe, akiwasimulia habari za Mhunzi. Mimi nilikuwa mapokezi katika nyumba ya wageni iliyo juu ya njia hiyo, na dirisha langu lilitazama pale ngazi zinapoanzia. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki aliniambia mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, yeye akikunja mashuka na mimi nikimshikia ncha nyingine.

Habari ya Mhunzi ni hii, kwa kifupi. Palikuwa na mhunzi, mtu mkubwa kuliko watu wengine, aliyekuwa akipoza chuma chake kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko. Alikuwa na binti mmoja tu. Siku moja binti akashuka kumchotea baba yake maji, hakurudi. Mhunzi akaliuliza bwawa, bwawa likanyamaza. Akaingia majini na nyundo yake, akaanza kupasua mwamba wa chini ili maji yote yavuje, amwone mwanawe. Hadi leo anapasua. Ule ukungu unaopanda ni jasho lake. Na ukingoni kuna jiwe bapa. Ukilaza sikio hapo, unaisikia nyundo: du, du, du.

Nyundo inasikika kweli. Ni maji yanayogonga ndani ya pango, hata mtoto wa shule atakuambia. Lakini Kitambo alivyokuwa akikuandaa kuanzia ngazi ya kwanza, ukifika kwenye lile jiwe umeshasahau mambo ya pango. Nimewaona wanaume wazima, kamera zinaning'inia shingoni, wakipanda ngazi kurudi na macho mekundu, wakiniambia ati ni vumbi. Vumbi, kwenye maporomoko!

Sasa, kuna kitu ambacho hakikuandikwa popote. Kitambo hakuwapeleka wageni kwenye jiwe kila siku. Alipofika kama ngazi ya thelathini, panapoanza kuonekana mto, alisimama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akayatazama maji. Yakiwa meupe, walikwenda. Yakiwa na rangi ya chai, maana yake mvua imenyesha huko milimani hata kama hapa jua linawaka, na maji yanaweza kujaa ghafla. Siku hiyo aliwasimamisha kwenye kichanja cha mbao, mbali na ukingo, akaimalizia hadithi hapohapo. "Leo Mhunzi amenuna," aliwaambia, "hataki kuonana na mtu." Wageni walicheka, wakapiga picha, wakarudi juu. Mjomba wake, aliyemwachia kazi ile, ndiye aliyemfundisha kutazama. Hakumfundisha kwa maneno. Alimshika tu kichwa, akakigeuzia mtoni.

Ndipo ofisi ya utalii ikapata mradi. Afisa utalii, kijana mtanashati mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikono inakwaruza, alituita wote ukumbini akatueleza: hadithi za eneo letu zitawekwa kwenye programu ya simu. Mgeni ataipakua, atavaa hedifoni, atashuka mwenyewe kwa muda wake. Njiani kutakuwa na vituo saba. Akifika kwenye kituo, simu itajua yenyewe, na sauti itaanza. "Urithi wetu hautapotea tena," alisema. Tulipiga makofi. Kitambo alipiga kuliko wote, kwani sauti iliyochaguliwa ilikuwa yake.

Fundi wa programu alikuwa binti mwembamba, mpole, mwenye begi kubwa kuliko yeye. Walirekodi kwenye stoo ya ofisi. Waliegemeza magodoro ukutani na kuziba dirisha kwa mablanketi, na ndani humo mlikuwa na joto la kuoka mkate. Kitambo akaambiwa aongee kwenye maikrofoni. Akajaribu, akakwama.

"Namsimulia nani?" aliuliza. "Godoro?"

"Nisimulie mimi, dada," fundi alisema, akaburuta kiti akakaa mbele yake.

Basi akamsimulia. Walichukua siku mbili, na siku ya pili fundi ilibidi asimamishe mashine apenge kamasi. Walipofika kituo cha jiwe, Kitambo alisema maneno yake ya kila siku: "Sogea. Usiogope. Laza sikio lako hapa, ufumbe macho. Subiri."

"Kuna kingine cha kusema hapa?" fundi aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Hapo pametosha."

Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa mweupe kama maziwa, na hakuna aliyekuwa akifikiria mvua, hata yeye. Swali hilo la fundi alilirudia kwangu mara nyingi baadaye, tena kwa sauti ya fundi mwenyewe, pole pole. "Aliniuliza," alikuwa akisema. "Binti wa watu aliniuliza."

Siku ya uzinduzi alipigwa picha akiwa ameshika simu juu kama kikombe cha ushindi. Jioni, kwa simu aliyoazimwa na fundi wa programu, inayocheza popote, alimsikilizisha mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Mume alisikiliza kituo cha kwanza mpaka mwisho, akafuta mikono yenye grisi, akasema, "Kumbe miaka yote hii nimeoa redio." Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki ya sita hivi, wageni wa kumngoja wakaisha. Hakuna aliyemfukuza. Walikuja tu na simu zao, wakampita pale kwenye ngazi, wengine wakimpungia mkono bila kujua kwamba yule wanayempungia ndiye anayewasemesha masikioni. Afisa alimwambia, "Dada, tutakuita kwa makundi maalumu." Hakuna kundi lililokuwa maalumu. Mwezi uliofuata Kitambo alikuja kwa meneja wetu akaomba kazi yoyote, akapewa kufua. Alijikaza. Alitutania kwamba mashuka ni wasikilizaji wazuri, hayapigi picha. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akigeuza uso kundi la wageni likipita chini ya kamba za nguo, wote wametulia tuli, wote wakimsikiliza yeye.

Mvua za kwanza zilipoanza huko juu, akayaona maji yamebadilika rangi. Akavua aproni, akaenda ofisini. Afisa alimsikiliza vizuri, akaandika kwenye karatasi, akasema wataweka tangazo. Wiki mbili zikapita. Akaenda tena. Safari hii aliwekwa kwenye benchi la korido tangu saa mbili mpaka saa sita, na afisa alipotoka alikuwa ameshika funguo za gari.

"Dada yangu, nimekumbuka lile jambo lako. Fundi yuko safarini. Programu si kama balbu, kwamba unachomoa unachomeka."

"Basi weka mtu pale chini. Niweke mimi, hata nikae tu."

"Nafasi hiyo haipo kwenye mradi."

Alirudi kwetu akipiga hatua nzito, akapita mapokezi, akaniambia, "Walitaka simu. Wakae na simu yao."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, kwa sababu alilisema kwa ile sauti yake ya jukwaani. Naye akacheka kidogo. Baada ya siku hiyo hakulitaja tena jambo lile, wala hakwenda tena ofisini.

Mgeni wetu wa chumba namba nne alikuwa mwalimu wa hesabu, msichana wa kama miaka ishirini na sita, aliyekuja peke yake kwa likizo. Alikuwa mcheshi. Alikuwa amegundua kwamba namba za vyumba vyetu zinaruka kutoka saba kwenda tisa, akaniuliza ya nane ameila nani. Jumanne, saa nne asubuhi, aliniuliza habari za maporomoko. Nilimpa kadi ya programu kama nilivyompa kila mtu, nikamwonyesha jinsi ya kupakua. Jua lilikuwa linawaka. Alivaa sweta ya njano, akaweka hedifoni, akatoka.

Kitambo alikuwa nyuma ya jengo, anaanika. Kutoka kwenye kamba zile unaona kipande cha ngazi na kipande cha mto. Mto ulikuwa rangi ya chai, chai ya rangi isiyo na maziwa. Akaiona sweta ya njano inashuka.

"Mgeni!" aliita. "We mgeni!"

Yule msichana hakugeuka. Alikuwa anatabasamu mwenyewe, na Kitambo alijua anatabasamu nini, kwa sababu alijua kwenye ngazi ile simu huwa inasema nini. Ni pale Mhunzi anapogombana na mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa masikioni mwa yule msichana, anamchekesha, na kwa hiyo hakuweza kumfikia.

Hapa ndipo alipokuwa akisimama kila aliponisimulia. Mikononi alikuwa na shuka la kitanda kikubwa, limelowa chapachapa, zito. Akawaza: nikilitupa chini litapata udongo, nitafua upya. Na tena akawaza, na hili alilisema kwa sauti ya chini sana: si wana simu yao. Akalitandaza lile shuka kwenye kamba. Akalibana kibanio cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Ndipo akakimbia.

Alipofika kwenye kichanja cha mbao, mkoba wa mgeni ulikuwa umewekwa pale, zipu imefungwa. Maji yalikuwa yanapita juu ya jiwe bapa, siyo mengi, kama ya kufikia kifundo cha mguu. Hakuna mtu. Alimwita kwa koo lote. Mimi nilimsikia nikiwa mezani kwangu, milango imefungwa, na hapo nilijua kuna jambo.

Walimtafuta siku mbili. Alipatikana mbali kule chini, mahali mto unapopanuka na watu huosha pikipiki.

Siku ya tatu afisa utalii alikuja kwenye chumba cha kufulia. Mimi nilikuwamo. Shati lake siku hiyo halikupigwa pasi.

"Dada," alisema, "mpelelezi anakuja kesho. Ukiulizwa, hukuwahi kuja ofisini kwangu. Tunaelewana? Ni kwa faida yetu sote. Hata wewe sauti ni yako."

Kitambo alimnyooshea ncha ya shuka. "Shika hapo."

Afisa akaishika bila kufikiri. Wakalikunja pamoja, ncha kwa ncha, akatembea hatua mbili mbele kama inavyotakiwa, akamkabidhi.

"Nitasema nilikuja mara mbili," Kitambo alimwambia. "Na nitasema niliita mara moja."

"Kuita gani?"

"Nilimwona anashuka. Nikaita mara moja. Halafu nikaanika shuka."

Afisa alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake anavua nguo barabarani. "Hilo nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Mpelelezi alikuwa mtu mzima, mchovu, mwenye kikohozi. Aliandika yote ya ofisini, tarehe na saa. Kitambo alipoanza habari ya shuka, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Hilo siyo kosa, mama. Hapa naandika makosa."

"Liandike."

"Sina pa kuliandika," alisema, wala hakuwa mkali. Akafunga daftari.

Baba wa yule msichana alikuja siku ya nne. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mabega mapana, kofia mkononi. Sanduku la mwanawe nilikuwa nimelifunga mimi. Hakulichukua. Aliketi kwenye ukumbi wa chakula, akaniita.

"Wanasema alikuwa anasikiliza kitu. Alikuwa anasikiliza nini?"

Nikamweleza. Akatoa simu yake, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaniomba nimpakulie. Nikampakulia. Lakini programu ile haitoi sauti mpaka uwe umesimama kwenye kituo, na njia ilikuwa imefungwa kwa utepe, na askari kakaa pale. Yule mzee alibonyeza, akabonyeza. Picha ya maporomoko ilikuja, kimya.

"Huyu anayesema humu ni nani? Ni mtu au mashine?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikwenda kumwita.

Kitambo alikuja na mikono yenye povu. Aliposikia anachotakiwa, aliketi bila kukaribishwa. "Mzee wangu," alisema, "hiyo siyo hadithi ya kukusimulia wewe. Nakuomba."

"Mwanangu aliisikia. Na mimi nitaisikia."

Akamsimulia. Hakuanza na lile neno lake. Hakuweka vituo, hakubadilisha sauti, na ule ugomvi wa mbuzi aliuruka kabisa. Msichana wa jikoni alikuwa anafuta meza, akaacha, akatoka na kitambaa chake. Kitambo alipofika mahali binti anashuka kuchota maji, baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, lakini hakumkatiza. Alisikiliza mpaka nyundo, mpaka jasho, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hampati," alisema.

"Hampati."

"Na watu wanatoka kwao, wanakuja kusikiliza hii."

Kitambo alijipangusa povu kwenye aproni.

"Halafu wanapiga picha." Aliitazama ile simu yake mezani. "Alifika wapi? Mwanangu. Alisikia mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe. Panaposema asogee."

"Nani anasema asogee?"

"Mimi."

Kisha akamwambia na lile jingine, lililokosa pa kuandikwa. Alilisema lote, na idadi ya vibanio. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nikatamani ardhi ipasuke. Yule mzee alimwangalia kwa muda mrefu sana. Nilidhani atampiga, na nadhani Kitambo alikuwa anasubiri kupigwa. Alikuwa ameinua uso kidogo. Hakumpiga. Hakumwambia nimekusamehe wala sikusamehe.

"Usiniambie tena kitu," alisema. Akavaa kofia, akabeba sanduku, akatoka kwa mlango wa mbele. Kadi zile za programu zilikuwa bado kwenye kisanduku cha kioo pembeni ya kengele. Alizipita karibu kabisa bila kuzitazama. Nilizitupa zote siku hiyo, na hakuna aliyeniuliza.

Afisa alihamishwa. Huko alikokwenda nasikia anasimamia mradi mwingine, mkubwa kuliko huu. Njia ilifungwa miezi mitatu, ikafunguliwa na mnyororo kwenye ukingo na bango jekundu. Programu nayo ikarudi, ila sauti ya Kitambo imeondolewa. Sasa inasoma mashine, na inaitamka "nyundo" kama mtu anayetangaza basi la saa nane. Wageni hawalalamiki. Kituo cha jiwe hakipo tena.

Afisa mpya, mama mmoja mwenye adabu, alimwomba Kitambo arudi kuongoza watu kwa mdomo kama zamani. Alikubali, akafua vizuri sare yake ya zamani, akaivaa siku ya kwanza, akiwa na wageni wanane. Nilimwona dirishani akianza kushuka, mgongo umenyooka, nikafurahi. Alifika pale ngazi ya thelathini, akasimama, akayatazama maji. Yalikuwa meupe, siku nzuri kabisa. Aligeuka kwa wale wanane afungue mdomo, lile neno lake la kwanza halikutoka. Wageni walisubiri, wakaanza kunong'ona, mmoja akamuuliza kama anaumwa. Akawapandisha juu wote, akawaomba radhi, akaja akavua sare palepale kwenye chumba cha kufulia na kuvaa aproni. Hakwenda tena.

Nyumbani mumewe hakumuuliza kitu. Alianza kumpitia kazini kila jioni na baiskeli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakawa wanatembea pamoja, baiskeli katikati yao. Wajukuu wakitaka hadithi, walitumwa kwa babu, ambaye alijua moja tu, ya pancha, tena haina mwisho.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye kabla sijahamia kazi nyingine, alikuja fundi wa programu, yule binti mwembamba. Hakuwa na begi siku hiyo. Alikaa kwenye kapu lililopinduliwa, akalia, akasema kila akilala, anakumbuka lile swali lake, na kwamba alipaswa kuuliza mara ya pili. Kitambo alimpa chai, akamwacha alie mpaka basi. Kisha fundi akajipangusa, akasema jambo jingine. Alikuwa anajua kwamba mjomba alimwachia Kitambo hadithi nyingi, siyo ile moja tu.

"Kumi na saba," Kitambo alisema.

"Dada, tuzirekodi. Siyo kwa watalii. Kwa ajili ya kuhifadhi tu. Mimi na wewe, bila ofisi. Maana ukiondoka zitapotea."

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka, akaingoja imalize kutikisika.

"Zitapotea," alisema.

Fundi akaweka kikombe chake chini. Kitambo akamsindikiza mpaka getini, akamwonyesha kituo cha basi kilipo, akarudi ndani kutoa mashuka.